Msiirekebishe Fulana Kabla ya Kuisoma

Hotuba kwa wauza mitumba, mafundi wa kuchapa fulana na vijana wakusanyaji, Arusha

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni. Kaka na dada zangu wa masoko ya Kilombero na Mbauda, nanyi mliopanda gari alfajiri kutoka Memorial kule Moshi, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie fulana za zamani za bendi, hasa zile za muziki wa panki, na nieleze kwa nini mtu mwenye akili zake timamu hukubali kutoa, kwa ajili ya fulana moja iliyopauka na kutoboka, fedha ambazo wengi wetu hapa tungenunulia belo zima. Nitaeleza kadiri ninavyojua. Lakini kabla sijaanza nimempa kijana wa mstari wa mbele fulana moja nyeusi, au niseme iliyokuwa nyeusi, kwa maana siku hizi rangi yake inafanana na sufuria iliyosuguliwa masizi yakagoma kutoka. Naomba ipite mkono kwa mkono hadi mstari wa nyuma. Kila atakayefikiwa nayo aigeuze nje ndani, aangalie pindo na shingo, na asivute ukosi. Habari zake nitazifikia.

Tuanze na neno lenyewe. Watu wa rika langu wanalijua panki kwa kinyozi, na ndugu zetu waliotoka Mwanza wakisikia mapanki wanawaza mabaki ya sangara yanayokaangwa. Panki ninayoisema mimi ni muziki: gitaa, besi, ngoma na mtu mmoja wa kupaza sauti, nyimbo fupi za dakika mbili tatu zinazopigwa kwa kasi kana kwamba mwenye ukumbi anakaribia kuzima umeme. Ulichipuka katikati ya miaka ya 1970, New York kwanza, katika ukumbi mdogo ulioitwa CBGB, ambako kundi la Ramones lilianza kupiga mwaka 1974, kisha London, kwa Sex Pistols na wenzao. Haikupita miaka mingi kila mji mkubwa wa Marekani na Uingereza ukawa na vijana wake. Bendi nyingi kati ya hizo hazikupigwa redioni na hazikutakiwa na kampuni kubwa za muziki, kwa hiyo wenyewe walijirekodi, wenyewe wakabandika matangazo ukutani usiku, na wenyewe wakachapa fulana. Ndiyo maana nauita muziki wa chini kwa chini.

Kule kuchapa wenyewe ndiko kulikozaa bei tunazozisikia leo. Mafundi wa kuchapa mlioko hapa mnaijua kazi: fremu ya mbao, wavu mwembamba uliokazwa, wino unaosukumwa kwa raba, fulana ikaanikwa kwenye kamba. Vijana wa mwaka 1980 walifanya hivyo hivyo, jikoni au kwenye gereji ya baba, dazeni chache kwa ajili ya onyesho la Jumamosi, juu ya fulana tupu ya bei nafuu yoyote iliyopatikana wiki hiyo. Walioinunua waliivaa, kwa sababu fulana ni ya kuvaliwa. Waliivaa kazini, waliilalia, waliifanya tambara la kufutia baiskeli. Zilizosalia ni chache, na uchache huo haukupangwa na mtu, tofauti na uchache wa siku hizi ambapo kiwanda hutangaza kwa makusudi kwamba kimetoa vipande mia tu ili watu wagombanie.

Sasa nichukue mfano wa fulana ambayo hata konda wa kifodi cha Ngaramtoni nimemwona ameivaa, ile ya Ramones yenye duara na ndege tai katikati. Aliyeichora ni Arturo Vega, msanii mzaliwa wa Mexico, na aliichukua kutoka kwenye muhuri wa rais wa Marekani. Tai wa rais ameshika tawi la mzeituni kwa mguu mmoja na mishale kwa mguu wa pili. Vega akaweka tawi la mtufaha, na mahali pa mishale akaweka gongo la besiboli, kwa kuwa mpiga gitaa Johnny Ramone alikuwa mpenzi mkubwa wa mchezo huo. Kuzunguka duara yapo majina ya wanamuziki, na hapo ndipo nawaomba mtulie, kwa sababu majina yanasema. Mpiga ngoma wa kwanza, Tommy, aliacha kiti mwaka 1978 akaingia Marky; Dee Dee aliondoka mwaka 1989 akaingia CJ. Fulana yenye jina la Marky haiwezi kuwa ya mwaka 1976, hata muuzaji aape kwa kaburi la bibi yake. Lakini jambo hili halirudi nyuma kwa urahisi: fulana yenye jina la Tommy inaweza kuwa imechapwa mwaka juzi, kwa sababu wachapaji wanayapenda majina manne ya mwanzo. Wanamuziki wale wanne wote wamekwisha kufariki, wa kwanza mwaka 2001 na wa mwisho mwaka 2014. Walipanda jukwaani mara 2,263 hadi onyesho la mwisho la Agosti 1996, na Vega aliwafuata karibu kote, yeye na meza yake ya fulana.

Mfano wa pili ni mwepesi zaidi kwa jicho. Ni mistari minne mizito iliyosimama wima, iliyopandishwa na kushushwa kidogo, kama bendera inayopepea iliyokatwa vipande. Hiyo ni Black Flag ya Hermosa Beach, California, na mchoro ni wa Raymond Pettibon, ndugu wa mpiga gitaa Greg Ginn. Bendera nyeupe ni ya kusalimu amri. Hawa wakapandisha nyeusi. Angalieni akili iliyomo: mtoto mwenye boksi la karatasi, wembe na kopo la rangi ya kupuliza anaweza kuichora ukutani kwa nusu dakika, na kweli kuta za Los Angeles zilijaa mistari ile. Kwa mkusanyaji hiyo ni balaa. Mchoro ambao kila mtu anaweza kuurudia hauwezi kukuhakikishia lolote, na ndiyo maana nasema kila siku kwamba fulana ya Black Flag haisomwi kifuani. Inasomwa kwenye pindo, lebo na wino.

Ya London nitayapitia haraka, kwa sababu hayafiki kwenye mabelo yetu. Malcolm McLaren, meneja wa Sex Pistols, na mbunifu wa mavazi Vivienne Westwood walikuwa na duka namba 430, King's Road, lililobadilishwa jina kila baada ya muda. Mwaka 1974 likaitwa SEX, na mwishoni mwa 1976 likawa Seditionaries. Walishona pia mashati ya melimeli yenye mikono mirefu kupita vidole, na picha zao zilikuwa za kutia watu wazimu: mwaka 1975 polisi walimkamata mtu mmoja mjini humo kwa kosa la kuvaa tu fulana iliyotoka katika duka hilo. Mwaka 2013 jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, liliandaa maonyesho makubwa ya mavazi ya panki. Kutoka kituo cha polisi hadi kwenye kabati la kioo ni miaka 38. Atakayekuja kwenu na fulana ya Seditionaries akidai ameiokota Tengeru siku ya gulio, mwambieni asante, mrudishieni.

Nije sasa kwenye yetu. Mitumba iliruhusiwa kwa wingi nchini kwetu katikati ya miaka ya 1980, enzi za Mzee Ruksa, na wazee mliokuwapo mnakumbuka watu walivyoiita kafa Ulaya. Hesabuni wenyewe. Fulana iliyochapwa California mwaka 1982, mwenyewe akaoa, akanenepa, akaitoa sadaka, ilikuwa ndani ya robota kuelekea bandarini miaka ile ile. Sitashangaa nikiambiwa kwamba Black Flag halisi ilipalilia mahindi Usa River mpaka ikaisha. Tulikuwa watu wa mwisho kuishika, na tulikuwa hatujui kusoma.

Kuisoma kunaanzia chini. Geuza upindo wa chini na wa mkono. Fulana nyingi za Kimarekani za miaka ya 1970 na 1980 zina mstari mmoja tu wa uzi kwenye pindo. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 mashine za sindano mbili zilikuwa zimetawala, na ndiyo maana fulana uliyovaa leo ina mistari miwili sambamba. Wakusanyaji wanaita ile ya kale mshono mmoja, na kwa wengi wao ni jambo la kwanza kutazamwa. Si hukumu ya mwisho, maana wapo wanaoshona mshono mmoja leo kwa makusudi ya kuuza ukale, lakini mishono miwili juu ya fulana inayodaiwa kuwa ya 1981 inatosha kukufanya uweke mkono mfukoni.

Halafu panda shingoni. Lebo inazungumza zaidi ya mchoro. Majina kama Screen Stars, Hanes na Fruit of the Loom ni ya viwanda vya fulana tupu ambazo wachapaji walizinunua, na kila kiwanda kilibadilisha sura ya lebo yake mara kwa mara, kwa hiyo mwenye kukariri sura hizo anaweza kukadiria miaka. Pembeni mwa jina huenda ukakuta herufi RN na tarakimu. Wengi hudhani ni mwaka au toleo. Ni namba ya usajili ambayo Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani huipa kampuni, utaratibu ulioanza mwaka 1952, nayo inamtaja mwenye mali, haitaji siku. Maelezo ya kufua yalilazimishwa na sheria ya kule mwaka 1972. Alama za kufua zilizo peke yake bila maneno, yale mabeseni na mapembetatu, ziliruhusiwa kuchukua nafasi ya maneno mwaka 1997. Ukizikuta pekee kwenye fulana ya kiwanda cha Marekani unayoambiwa ni ya 1979, basi aidha lebo si yake au hadithi si yake. Na Hanes walianza mwaka 2002 kuuza fulana zisizo na lebo ya kitambaa, maandishi yakapigwa moja kwa moja shingoni, baada ya malalamiko ya miaka mingi ya watu kuwashwa. Nitarudi kwenye suala la kuwashwa, kwa masikitiko.

Mwaka uliochapwa chini ya mchoro, karibu na herufi C iliyozungushiwa duara, msiuamini upesi. Huo ni mwaka wa hakimiliki ya mchoro. Mchoro wa 1981 unaochapwa leo kwa kibali utaandikwa 1981, na hakuna aliyedanganya isipokuwa anayekuuzia.

Wino nao una umri. Wino mzito wa plastiki, ukifuliwa na kukunjwa miaka thelathini, hupasuka kama udongo wa mbuga uliokauka kiangazi, kwa mipasuko midogo isiyolingana, mingi zaidi pale tumbo linapokunjwa mtu akikaa. Wanaozeesha fulana kwa hila hutumia msasa, maji ya chai na jiki, na kazi yao hujulikana kwa kuwa imeenea sawasawa. Mwili wa binadamu hauchakazi nguo sawasawa. Huanza na ukosi, makwapa, na upindo wa mbele ulipogusana na mkanda. Fulana iliyochoka kila mahali kwa kiwango kimoja haijavaliwa na mtu. Imevaliwa na mfanyabiashara. Sina ugomvi na anayechapa nakala mpya akasema ni mpya. Ugomvi wangu ni na msasa.

Ndugu zangu, nilisema nitazifikia habari za fulana inayopita. Mwaka 2011 nilikuwa na meza Kilombero, fulana za kutundika upande mmoja na za kumwaga upande wa pili. Katika belo moja nikakuta fulana nyeusi yenye radi ya njano inayopiga kuba la jengo, na rangi za kijani, njano na nyekundu. Nikaona rangi hizo nikasema hii ni rege, nikaitundika katikati ya Bob Marley wawili. Sikukosea kabisa, na ndiyo sababu kosa lenyewe linaniuma. Bad Brains walikuwa vijana weusi wa Washington, waumini wa Rastafari, waliopiga rege na panki katika onyesho moja, na panki yao ilikuwa ya kasi kuliko ya karibu kila mtu. Jengo linalopigwa radi ni bunge la Marekani, kama lilivyo kwenye jalada la albamu yao ya kwanza ya mwaka 1982, iliyotoka kwa kanda ya kaseti. Yaani palikuwa na kundi la watu weusi katikati ya muziki ule ambao hata leo wengi wanaudhani ni wa Wazungu peke yao, na ushahidi wake ulikuwa unaning'inia mezani kwangu kwa shilingi 4,000.

Mteja wa kwanza alilalamika kwamba lebo inamwasha shingoni. Nikachukua mkasi nikaikata, naye hakuinunua. Nikaona upindo umefumuka upande mmoja, nikaipeleka kwa fundi aliyekuwa na ovaloki, akanitoza shilingi 500. Mnajua ovaloki inavyofanya kazi, ina kisu, inakata ukingo huku inashona. Akakata karibu mshono wote wa zamani na kuweka uzi mweupe, kwa kuwa mweusi ulikuwa umeisha. Nikaifua kwa sabuni ya kutosha, nikaitundika tena, nikiwa na fahari kwamba nimeiongezea thamani.

Wiki ile ile akaja mgeni aliyekuwa anasubiri kupanda Mlima Meru. Alipoiona alisimama kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni. Aliishusha kwa mikono miwili. Hakuangalia kifua, aligeuza upindo, akauangalia kwa muda mrefu, kisha akatafuta lebo kwa kidole pale nilipoacha nyuzi mbili tatu. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kubabaisha, nani amefanya hivi. Nikajibu kwa furaha, ni mimi, nimeitengeneza. Akaikunja vizuri, akanirudishia, akasema asante sana, akaondoka. Sikumwelewa mpaka miezi kadhaa baadaye, nilipoanza kujifunza. Huenda ilikuwa halisi ya miaka ya 1980, huenda ilikuwa nakala ya baadaye; vitu viwili ambavyo vingeweza kunijibu nilivikata mimi mwenyewe, kimoja kwa mkasi na kingine kwa shilingi 500.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye meza ni dogo. Lebo ibaki, hata ikining'inia kwa uzi mmoja. Tundu libaki tundu, na upindo uliofumuka ubaki umefumuka mpaka aje mtu wa kuusoma. Fulana zangu nazifua kwa maji ya baridi na sabuni kidogo, naanika kivulini, na pasi haipiti juu ya wino. Kuna jambo moja la hali ya hewa yetu ambalo ni la hatari kubwa kwa fulana nyeusi. Nyingi za zamani zilitiwa rangi nyeusi ya salfa, na rangi hiyo ikikaa kwenye unyevu huzalisha asidi taratibu inayokula pamba kutoka ndani. Kwa macho fulana iko salama. Unaivuta kidogo begani inachanika kama karatasi iliyolowa, na haina dawa. Sasa fikirieni ukungu wa Juni na Julai, fulana ndani ya kiroba, kiroba juu ya sakafu ya saruji. Mimi nazifunga kwa kanga kuukuu ya pamba, juu ya rafu ya mbao, na katika miezi ya baridi nazifungua kila wiki mbili zipate hewa.

Dada mmoja aliniuliza mlangoni kama hili la kukusanya si kinyume na roho ya watu wale waliouza fulana zao kwa bei ya chini. Ni swali la haki. Wapo waliokataa kabisa: bendi ya Fugazi, ya Washington vilevile, haikuuza fulana yoyote, na kiingilio chao kilijulikana kwa kuwa dola tano. Basi mtu mwingine akachapa fulana bila ridhaa yao yenye maneno yanayosema hii si fulana ya Fugazi, nayo ikapendwa, na leo inatafutwa na wakusanyaji kama zile halisi za wengine. Sina jibu la kumridhisha dada yangu. Ninachoweza kusema ni kwamba fulana ikishafika kwenye belo, mwenye bendi haipati tena hata senti, na suala linabaki kati ya anayejua kusoma na asiyejua. Na kwa miaka mingi asiyejua amekuwa ni mimi na ninyi, tuliokesha stoo kuifungua mizigo.

Naona fulana imekwisha kufika mstari wa sita. Dada mwenye mtandio wa zambarau, hapo ulipoishika, uzi mweupe ni ule wa ovaloki niliousimulia. Lakini sogeza kidole hadi ubavu wa kushoto, karibu na mshono wa pembeni. Fundi alianza mbele kidogo ya hapo na hakuzunguka hadi mwisho, kwa hiyo kimebaki kipande cha urefu wa kidole gumba ambacho kisu hakikukifikia. Uzi wake ni mweusi uliogeuka kahawia. Hesabu mistari, kisha umpe jirani yako naye ahesabu.